Namna ya kuhariri hadithi yako bila kuichukia

Rasimu ya kwanza ikikamilika, mkono hukimbilia kusahihisha tahajia. Kazi hiyo ni nyepesi, matokeo yake yanaonekana papo hapo, na haiumi. Nakushauri uiache hadi mwisho kabisa. Aya iliyokwisha kunyooshwa koma zake na kupangwa vizuri hupata sura ya kitu kilichokamilika, nawe utashindwa kuikata hata ukiona wazi kwamba haina kazi kwenye hadithi. Utaionea huruma kwa jasho ulilolimwaga juu yake.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi unafuata hisia kuliko sarufi: yanayouma yanakuja mwanzo, wakati rasimu bado ni chafu na hujashikamana nayo mno. Nimechukulia kwamba una hadithi fupi au riwaya fupi uliyoiandika kwa Kiswahili, na unataka kuipeleka kwa mchapishaji au kwenye shindano. Mshairi atahitaji zaidi ya haya, maana kwake kila neno linalobadilishwa linagusa mizani na vina.

Hatua ya kwanza: iweke mbali

Hadithi fupi ipe wiki mbili. Riwaya ipe mwezi au zaidi. Usiifungue, usiichungulie kwenye simu ukiwa kwenye daladala.

Lengo ni kusahau. Ulipoandika “mama alinyamaza”, wewe ulikuwa unamwona mama yule, khanga aliyojifunga, na ugomvi wa jana yake uliomfanya anyamaze. Msomaji ana maneno mawili tu. Picha uliyo nayo kichwani isipofifia kidogo, utaendelea kuisoma hiyo picha ukidhani unasoma karatasi.

Siku za mwanzo utajiona umeandika jambo kubwa. Baada ya hapo itakuja hofu kwamba hakuna ulichoandika. Hisia zote mbili ziache zipite bila kuzitii; usiitume rasimu kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu ya ile ya kwanza, wala usiifute kwa sababu ya ile ya pili. Dawa ninayoijua ni kuanza kitu kingine, hata kama ni ukurasa mmoja.

Kama tarehe ya mwisho ni keshokutwa na huna wiki mbili, badilisha sura ya rasimu: ichapishe kwenye karatasi, au badilisha fonti na ukubwa wa herufi, kisha ukasomee mahali usipozoea kuandikia. Haitalingana na kusahau, lakini jicho litashtuka kidogo.

Hatua ya pili: isome yote kwa mkao mmoja, bila kusahihisha

Shika kalamu kwa kazi moja tu: chora mstari mdogo pembeni kila unapochoka au unapotamani kuruka. Usiandike sababu. Usirekebishe hata neno lililokosewa wazi.

Siku hii aibu itakuja, na watu wengi hufuta mafaili yao siku hii. Weka sharti kabla hujaanza: hakuna kinachofutwa siku ya usomaji wa kwanza. Aibu hiyo haikuambii hadithi ni mbaya. Inakuambia kwamba sasa unaisoma kama mgeni, na ndicho ulichokuwa unakitafuta ulipoiweka mbali.

Kabla hujafunga, andika sentensi tatu kwenye karatasi nyingine: hadithi inamhusu nani, anataka nini, na mwishoni nini kimebadilika. Ukishindwa kuandika ya tatu, umeshajua tatizo liko wapi.

Hatua ya tatu: kata makubwa

Fungua faili jipya, uliite “mabaki”. Kila unachokikata kwenye hadithi kihamishie humo badala ya kukifuta. Ni nadra sana mtu kurudi kuchukua kitu huko, ila kujua kwamba kipo kunaufanya mkono uwe mwepesi. Kwa maoni yangu hakuna zana nyingine ya uhariri yenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivi.

Kisha orodhesha matukio ya hadithi, kila moja kwa mstari mmoja: “Saidi anashuka bandarini.” “Mama na jirani wanagombana juu ya mpaka.” Pitia orodha ukiuliza kila tukio swali hili: likiondoka, msomaji atapotea? Kama hatapotea, na halimchekeshi wala kumtia hofu, linakwenda kwenye mabaki. Matukio mawili yakifanya kazi moja, bakiza lenye nguvu. Wahusika wawili wanaotoa ushauri uleule wageuze mmoja.

Kuna sehemu mbili za kukagua kwa jicho kali kuliko zote, na zote mbili ni urithi wa insha za shuleni.

Ya kwanza ni mwanzo. Tulifundishwa kuanza na jua linalochomoza, upepo mwanana, ndege wanaoimba, na mhusika anayerauka alfajiri na mapema. Baada ya hapo tunataja jina lake kamili, kijiji chake na idadi ya ndugu zake. Hadithi yenyewe inaanza ukurasa wa tatu, mtu anapobisha hodi. Jaribu kuanzia kwenye hodi. Yale ya kijiji na ndugu, kama yana umuhimu, yatapenya yenyewe katikati ya mambo.

Ya pili ni mwisho. Mtu aliyeandika insha za methali darasani kwa miaka mingi hamalizi hadithi mpaka amwonyeshe msomaji funzo: “Hapo ndipo aliposadiki kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Rudi nyuma kutoka sentensi ya mwisho, moja baada ya nyingine, hadi ufike kitendo cha mwisho cha mtu au neno la mwisho alilotamka. Kata yote yaliyo baada ya hapo. Utahisi umemwacha msomaji njiani. Subiri siku mbili, usome tena, halafu uamue.

Hatua hii ndiyo inayouma kuliko zote, hasa pale kipande kinachotakiwa kukatwa ni kile ulichokipenda mpaka ukamsomea mtu. Usikate sehemu hizo zote kwa siku moja. Kata mbili tatu, ondoka, urudi.

Kuna uchungu wa aina nyingine pia: kugundua kwamba shangazi yako atajijua. Kubadilisha jina hakutoshi, kwa kuwa watu hujitambua kwa vitendo na kauli zao. Badilisha kazi yake, umri wake, au mchanganye na watu wengine wawili. Ikiwa baada ya yote bado unaogopa, jiulize kama hadithi inahitaji siri ile au wewe ndiye uliyehitaji kuitoa. Kama ni wewe, ishaandikwa. Ipeleke kwenye mabaki.

Hatua ya nne: kagua saa, miezi na majina

Chora kalenda ndogo ya hadithi yako. Mambo haya msomaji huyaona haraka, na akishayaona hakuamini tena.

Saa kwanza. Wengi tunasoma saa za simu kwa hesabu ya Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, ndipo mhusika anajikuta anakunywa chai “saa 10 asubuhi”, wakati saa kumi ya alfajiri watu bado wamelala. Kagua kila saa iliyotajwa. “Ijumaa usiku” nayo iangalie: kwa wazee wengi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku huanza jua linapotua. Kama jambo linategemea usiku upi, andika “usiku wa kuamkia Jumamosi”.

Halafu mwezi. Mbalamwezi kamili usiku wa kuamkia Idi el-Fitri haiwezekani. Idi hiyo inaandama na mwezi mchanga, na mwezi mpevu huwa kati ya tarehe 14 na 15 ya mwezi wa Kiislamu. Pepo pia. Jahazi la tanga lililotoka Oman likitia nanga Zanzibar mwezi wa Julai limepingana na kusi njia nzima. Majahazi hayo yalikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Mhusika wako analima mpunga? Angalia umeweka masika na vuli mahali pake.

Majina yana mtego wake. Ukiamua kumbadilisha Ali awe Juma, usiiambie kompyuta ibadilishe “Ali” yote kwa mpigo. “Alisema” itakuwa “Jumasema”, “alikuja” itakuwa “Jumakuja”, na hadithi nzima itaharibika kwa sekunde moja. Kuchagua herufi kubwa tu hakukuokoi, maana sentensi nyingi zinaanza na “Ali-”. Chagua itafute neno zima, na uhifadhi nakala kabla ya kubonyeza.

Hatua ya tano: shuka kwenye sentensi

Sasa unaruhusiwa. Tuseme rasimu inasema hivi:

“Ilikuwa ni asubuhi tulivu yenye baridi kali ya kupenya mifupani ambapo Bi Mwajuma alikuwa ameamka mapema kuliko siku zote kwa sababu siku hiyo ndiyo siku ambayo mwanawe wa pekee aliyeitwa Saidi alikuwa anatarajiwa kurudi kutoka Maskati ambako alikuwa anafanya kazi kwa muda wa miaka tisa. Alikuwa na furaha kubwa sana moyoni mwake. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja, na baadaye akarudia tena kuufagia.”

Nikiihariri inakuwa:

“Siku ya kuja Saidi, Bi Mwajuma aliamka kabla ya adhana. Alifagia uwanja. Jua lilipotoka akaufagia tena.”

Baridi imeondoka kwa sababu hadithi iko Tanga, haiko Makete. Hata wakati wa kipupwe mtu wa Tanga hujifunika shuka na kulala vizuri. Ilikuwa baridi ya insha. Furaha imeondoka kwa sababu ufagio wa pili umeshaisema. “Akaanza kufagia” imeondoka kwa sababu alifagia akamaliza. Tumia “anza” pale tu kitendo kinapokatizwa. “Akarudia tena” ni kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Maskati na ile miaka tisa hazijafutwa. Nimezisogeza mbele, pale Saidi anapokula na mama yake akagundua kwamba mwanawe hagusi pilipili siku hizi.

Ukishaona namna hiyo, itumie kompyuta kutafuta mazoea yako. Tafuta mzizi, usitafute neno zima, kwa sababu vitenzi vyetu vimefunikwa na viambishi: ukiandika “anza” utapata alianza, akaanza na wakaanza. Tafuta “amba”. Itakuletea na “kwamba”, vumilia, hizo nazo zinahitaji kupunguzwa. “Mzee ambaye alikuwa ameketi barazani” anatosha kuwa “mzee aliyeketi barazani”. Lakini usifute kila “ambaye”: katika Kiswahili sanifu kirejeshi hakiingii ndani ya kitenzi chenye -me-, kwa hiyo “mtoto ambaye amepotea” abaki alivyo, au umgeuze awe “mtoto aliyepotea” ikiwa wakati unaruhusu. Tafuta “sana”. Tafuta “ghafla”, ambayo katika hadithi zetu hutokea mara nyingi mpaka hakuna anayeshtuka. Tafuta pia vitenzi vilivyonyongwa kuwa majina: “walifanya mazungumzo” ni walizungumza, na “alitoa msaada” ni alisaidia.

Vitenzi vya -ka- vinastahili jicho la peke yake. Vinasukuma hadithi mbele na ni utamu wa masimulizi yetu, ila vikifuatana kumi vinageuka mwendo wa kijeshi: akaingia, akavua viatu, akakaa, akaomba maji, akanywa. Vunja mahali fulani. “Akaingia, akavua viatu. Maji aliyanywa akiwa amesimama.” Mara moja tunajua mtu huyu hakuja kukaa.

Hatari ya hatua hii ni kunogewa. Kukata kuna raha yake, na mtu akiwa na hasira na maandishi yake hukata mpaka mifupa. Ukiona umeanza kufurahia kuharibu, funga kompyuta ukapike.

Hatua ya sita: isome kwa sauti

Simama, usome kwa sauti ya kawaida. Ukikosa pumzi, sentensi ni ndefu. Ulimi ukiteleza, kuna silabi zinagombana. Vizuri zaidi ni mtu mwingine akusomee bila kuiona mapema, nawe ufuate kwenye karatasi. Pale atakaposoma kitu tofauti na ulichoandika, mara nyingi yeye ndiye amesema kwa Kiswahili cha watu.

Mazungumzo yapewe uangalifu hapa. Mtu wa Mombasa akisema “ndoo” mahali pa “njoo”, mwache, almradi muktadha usimfanye msomaji wa Dodoma atafute maji. Mtu wa Lubumbashi, fundi wa Gongo la Mboto na ustadhi wa Pemba hawawezi kuzungumza wote kama taarifa ya habari. Usanifu uwe wa msimulizi, tena kama msimulizi mwenyewe si mtu wa mtaani. Lafudhi nayo usiikoleze kila neno. Maneno mawili matatu yanatosha kumfanya msomaji asikie.

Hatua ya saba: mpe mtu, lakini muulize vizuri

Ukimuuliza rafiki yako “umeionaje?”, adabu itamlazimisha kujibu “nzuri, hongera sana”. Hujapata kitu, naye hujamtendea haki. Muulize maswali yasiyomlazimisha kusifu wala kulaumu: Uliachia wapi kusoma ukashika simu? Ni nani uliyemchanganya na mwenzake? Ulidhani nini kitatokea baada ya harusi? Nisimulie hadithi yenyewe kwa maneno yako. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote, maana asichokisimulia hakikumfikia.

Chagua mtu anayesoma hadithi kwa kupenda. Mwalimu wa sarufi atakurudishia viambishi, na viambishi bado havijafikiwa.

Akizungumza, andika, usijitetee. Ukijikuta unasema “hapo nilimaanisha…”, nyamaza, uweke alama hapo, kwa kuwa hutakuwepo kumweleza kila msomaji. Mshukuru kama anavyoshukuriwa mtu aliyekufanyia kazi. Uso utapata joto na utamwona hajui fasihi. Usimjibu kwa ujumbe usiku huo. Kesho yake pitia alichosema ukitenganisha mahali alipokwama na dawa aliyopendekeza. Akikuambia “ongeza maelezo ya Saidi”, huenda Saidi ana maelezo ya kutosha, ila anaingia amechelewa. Mahali amini, dawa tafuta mwenyewe. Wasomaji wawili wasiofahamiana wakikwama mahali pamoja, acha ubishi.

Hatua ya nane: tahajia

Sasa sahihisha kila kitu. Zima kwanza usahihishaji wa kiotomatiki wa Kiingereza kwenye simu na kompyuta, la sivyo “sana” itakuwa “Santa” nyuma ya mgongo wako.

Programu ya kukagua tahajia, hata ile ya Kiswahili, haitaona makosa yanayozaa neno lingine halali: kura na kula, mahari na mahali, dhana na zana, hama na ama, ng'oa na ngoa. Kila mtu ana udhaifu kulingana na alikokulia. Wa kwetu wengine tunachanganya r na l, wengine tunameza h, wengine dh na z kwetu ni mamoja. Jua wako, uutafute huo. Kibodi za simu nazo hupoteza ile alama ya ng', basi pitia kila ng'ombe na kila ng'ambo.

Mengine ya haraka: “mtu yeyote”, si “mtu yoyote”. “Kwa hiyo” na “kwa sababu” ni maneno mawili mawili. “Halafu”, si “alafu”. “Masaa” yanakataliwa na wahariri wengi, lakini “alingoja saa mbili” inaweza kusomeka kama saa ya ukutani. Andika “alingoja kwa muda wa saa mbili” na ugomvi umekwisha. Ukiwa na shaka, fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA. Kamusi mbili zikitofautiana, chagua moja uifuate hadi mwisho.

Hatua ya tisa: itume

Utajua wakati umefika ukiona unabadilisha “akaondoka” kuwa “akaenda zake”, na kesho yake unairudisha. Hapo hadithi haipati kitu tena, ni woga tu unatafuta kazi ya kufanya.

Soma masharti ya unakopeleka. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile ya Safal iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na kila mchapishaji, wana matakwa yao kuhusu urefu, mpangilio na iwapo jina lako lionekane kwenye mswada. Usibishane nayo. Lipe faili jina linaloeleweka, si “hadithi mpya ya mwisho kabisa 3”. Lifungue kwenye kifaa kingine uhakikishe linafunguka na kurasa zimekaa.

Saa chache baada ya kutuma utaona kosa, pengine ukurasa wa kwanza. Lirekebishe kwenye nakala yako na ukae kimya. Barua pepe ya pili iandike tu kama uliambatisha faili ambalo silo.